Kiti cha Mgeni Rasmi

Asubuhi hiyo Spès alikuta kochi limebonyea.

Lilikuwa kochi la mtu mmoja, kubwa, la rangi ya kahawia, limefunikwa kitambaa cheupe chenye lesi pembeni, na tangu lilipoletwa katika maktaba ya Kalindo hakuna mtu aliyewahi kulikalia. Kazi ya Spès ilikuwa kufagia, kumwagilia maua ya mlangoni, na kulipangusa vumbi kochi hilo kila siku. Jana yake jioni alikuwa ameupigapiga mto wake kwa mikono miwili mpaka ukatuna. Sasa ulikuwa umezama katikati, kana kwamba mtu mnene ameinuka hapo muda huu huu. Akaugusa. Ulikuwa na joto.

Akajisemea kwamba ni jua la dirishani, ingawa dirisha la upande ule lilitazama magharibi na jua ndiyo kwanza lilikuwa linapanda. Akaupiga mto, ukatuna. Akageuka kuchukua ndoo. Nyuma yake kochi likatoa pumzi ndefu, ile inayotoka kwenye sponji mtu mzito anapojiachia, na alipotazama tena mto ulikuwa umezama. Harufu ikafuata: marashi makali ya ofisini, na chini ya marashi harufu ya tope la bwawa wakati wa kiangazi, pale viboko wanapobanana kwenye maji yaliyobaki.

Spès aliiacha ndoo akakimbia nyumbani, kwa sababu nyumbani alikuwa amemwacha binti yake Queen amesimama.

Ili jambo hili lieleweke, lazima kwanza isemwe maktaba hiyo ilitokea wapi, na watu wa Kalindo ni watu wa namna gani.

Kalindo ni mji mdogo kati ya Mpanda na Katumba, mji wa mahindi, tumbaku na vumbi. Maktaba yake haikuanzishwa na kamati. Ilianza na sanduku la bati la mwalimu Didace, aliyeingia nchini akiwa kijana pamoja na wakimbizi wa Burundi, akafundisha watoto wa wenyeji na watoto wa wageni mpaka akazeeka. Vitabu vyake alimwazima kila aliyeomba. Mtoto akija na mikono ya matope, mwalimu aliifuta kwa shati lake mwenyewe, kisha akampa kitabu. Sanduku lilipojaa akaweka vingine chini ya kitanda, na chini ya kitanda palipojaa mke wake akamwambia achague, yeye au vitabu. Mwalimu akajenga kibanda uani kwa ajili ya vitabu, halafu akahamia humo yeye, akamwachia mama kitanda kizima.

Watu wa kawaida walimpenda. Ndio waliosema vitabu vijengewe nyumba. Wabende, wenyeji wa hapo, walifyatua matofali, Warundi wa upande wa Katumba wakachana mbao, na Maduhu, mfugaji wa Kisukuma ambaye hajui herufi hata moja, akatoa mkokoteni wake na ng'ombe wake kiangazi kizima. Alipoulizwa anapata faida gani, alisema anapenda kupita kwa mwalimu na kusikia watoto wanasoma, basi.

Mwalimu Didace alikufa kabla ya bati la mwisho kupigiliwa. Hapo ndipo ilipoundwa kamati.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Evarist, mwenye duka la mbolea na dawa za mimea, mtu wa suti hata jua likiwaka vipi. Katika kamati yote hapakuwa na mmoja aliyewahi kuazima kitabu kwa mwalimu. Jambo la kwanza waliloamua ni kwamba maktaba haiwezi kufunguliwa bila mgeni rasmi. La pili, wakafunga utepe mwekundu mlango wa mbele. La tatu, wakaleta lile kochi. Vitabu wakaviacha kwenye maboksi, kwa sababu kuvipanga kabla ya ufunguzi kungekuwa kukosa adabu.

Mgeni akaalikwa. Mgeni akaahirisha. Mwaka ukapita, akaalikwa mgeni mwingine mkubwa zaidi, naye akapata dharura. Watoto waliokuwa wakifutwa mikono na mwalimu wakaota ndevu na kwenda kwenye machimbo ya dhahabu bila kugusa tena kitabu. Mchwa hawakusubiri utepe; walipita chini ya sakafu, wakafungua maktaba wenyewe, wakasoma boksi la kwanza lote mpaka jalada. Spès aliyaona hayo akaenda kumwambia mwenyekiti. Mwenyekiti akamuuliza kama kochi amelipangusa.

Getrude peke yake, mke wa huyo huyo mwenyekiti, ndiye aliyekuja jioni moja na dawa ya mchwa kutoka dukani, ameificha chini ya khanga kama mwizi, akamsaidia Spès kuinyunyiza. Akasema mume wake asiambiwe, kwa kuwa dawa ile haikuwa imepitishwa na kikao.

Mwaka huu, mwezi wa tisa, ilisemekana mgeni anakuja kweli. Turubai likafungwa mbele ya maktaba, kochi likatolewa nje na vijana wawili, likawekwa meza kuu pamoja na chupa ya maji na glasi. Watoto wa shule wakapangwa juani tangu asubuhi. Queen, binti wa Spès, wa darasa la nne, alichaguliwa kusoma risala na kutoa maua, kwa sababu ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote. Alikuwa mtoto wa mwisho kufundishwa na mwalimu Didace kwenye kile kibanda. Mgeni yuko njiani, ikatangazwa. Mgeni amepita Mpanda. Mgeni anakaribia. Jua likapita utosini na kuanza kushuka, watoto wawili wakaanguka, akina mama wakawachukua na kuwapepea. Mgeni hakuja, na simu yake ikawa haipatikani.

Mtu mwenye akili angewaruhusu watoto wakanywe maji. Evarist alikuwa anafikiria picha. Alikwisha kuahidi watu wa ngazi za juu kuwarushia picha za sherehe kwenye simu, na sherehe isingeweza kukosa picha eti kwa sababu mgeni amekosekana. Akashika kipaza sauti akasema kila kitu kifanyike kama ratiba inavyosema, kamera zitaelekezwa kwa watoto tu.

"Fanyeni kama amefika," alisema. "Mkaribisheni."

Watu wazima wa Kalindo, wenye watoto na wajukuu, wakasimama na kulipigia makofi kochi tupu. Akina mama wakapiga vigelegele. Ngoma ikachezwa mbele yake. Evarist mwenyewe akaliinamia na kulisomea salamu za kamati, akaliomba radhi kwa mapungufu, akaliambia kwamba Kalindo yote ni mali yake. Halafu Queen akaletwa mbele, akasoma risala bila kukosea, akapiga goti, akanyoosha maua.

Meza na glasi vilirudishwa ndani kwa mlango wa nyuma, lakini kochi wale vijana wawili walishindwa kulinyanyua. Wakaitwa wengine wanne. Evarist akasema mbao zimevimba kwa joto.

Jioni hiyo Spès alipakua ugali, akamweka mapajani mtoto wake mdogo, akamwita Queen akae wale. Queen alibaki amesimama kando ya ukuta, mikono ameiweka pembeni kama gwaride.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mkono wake ni wa baridi."

"Mkono wa nani?"

"Wa mgeni. Alivyopokea maua."

Spès akamwambia ni uchovu na jua, akae ale. Queen akatikisa kichwa. Akasema hawezi, hawajaambiwa wakae.

Mama akadhani ni utundu, akamshika mabega kumkalisha. Magoti ya mtoto hayakukunjika. Yalikuwa magumu kama mpini wa jembe, na alipoyasukuma kwa nguvu Queen alitoa mlio mwembamba uliomfanya yule mdogo aanze kulia. Usiku huo mtoto alilala amesimama, paji la uso likiegemea ukuta, midomo ikisoma risala usingizini. Spès alikaa karibu naye amemshika kiuno asianguke, mpaka jogoo wakawika. Baba yao, Fredrick, alikuwa mbali machimboni na simu haikushika. Asubuhi, kwa kuwa hajui la kufanya, Spès akaenda kazini, na huko ndiko alikokuta kochi limebonyea.

Aliporudi mbio, Queen alikuwa vile vile. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba.

Nesi wa zahanati alimpima kwa makini, akamkanda miguu kwa maji ya baridi yeye mwenyewe, akasema kwa upole kwamba hapati ugonjwa. Theopista, jirani, alileta uji na kumnywesha kwa kijiko kama kifaranga, na mchana mtoto alipotoka kwenda kusimama uani akiitazama maktaba, Theopista alisimama pembeni yake na mwavuli, saa baada ya saa, akihamia kila jua lilipohamia. Hakuna aliyemwomba.

Spès akaenda kwa mwenyekiti. Alimsihi kochi litolewe, lichomwe moto, au angalau lipelekwe porini. Evarist alishangaa jinsi mtu anavyoweza kusema maneno kama hayo kwa sauti. Akasema kiti cha mgeni rasmi hakiondolewi hivi hivi, kina utaratibu wake, na mgeni anaweza kuja wakati wowote. Kamati itakaa.

"Mwanangu amesimama," Spès alimwambia, "nanyi mnakwenda kukaa."

Kamati ikakaa. Ikanywa soda, ikatoa pole kwa familia, ikaahirisha.

Kwa muda huo miguu ya Queen ilifika unene wa miguu ya mtu mzima, ngozi iking'aa, na uso ukakonda mpaka macho yakawa makubwa kupita kiasi. Spès alielewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba mtoto atasimama mpaka afe.

Jioni moja wakati wa magharibi alitoka kuokota kuni, na aliporudi ukuta ulikuwa mtupu. Hakuhitaji kuuliza. Alimfunga mdogo mgongoni akaenda maktaba, akakuta mlango wa nyuma uko wazi, na humo ndani giza lilikuwa limeshaingia kabla ya giza la nje. Alimsikia Queen kabla ya kumwona. Mtoto alikuwa anasoma risala kwa sauti iliyokauka, sentensi moja, kisha kimya, sentensi nyingine, kisha kimya, na katika kila kimya Spès alisikia mtu anakohoa kidogo, kile kikohozi cha wakubwa cha kusafisha koo kabla ya kuhutubia, cha taratibu, cha mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote, na baada ya kikohozi mguno wa kukubali, mmh, kana kwamba anasema endelea; na macho yake yalipozoea aliona glasi ya maji inainuka mezani polepole, inasimama hewani usawa wa kinywa cha mtu aliyeketi, inainama, maji yanapungua bila kumwagika, na harufu ya lile tope la viboko ikamjaa puani na kooni hata akashindwa kumwita mwanawe kwa jina, na jambo lililomtisha kuliko glasi na kuliko harufu ni kwamba yeye mwenyewe, Spès, mama wa mtoto yule, aliyekuja kumchukua, aligundua kwamba amevua ndala mlangoni, ameunganisha mikono mbele, na anainama.

Alimvuta Queen nje akiwa ameinama vile vile, kinyumenyume, kwa sababu mwili ulikataa kulipa kochi mgongo.

Kesho yake Getrude alikuja asubuhi. Alisema yuko mwanamke huko Kasokola, anaitwa Masalu, anayetoa majini. Alikwisha kumpigia simu kwa siri, na alikuwa njiani.

Masalu alifika kwa pikipiki, mwanamke wa makamo, mfupi, amevaa fulana ya timu ya mpira na khanga kiunoni, hana hirizi hata moja ya kuonekana. Alimshika Queen miguu, akaingia maktaba peke yake, akatoka baada ya muda mfupi akitema mate. Watu walikuwa wamejaa nje, kamati nzima ikiwemo. Masalu akauliza nani alimkaribisha huyu. Wote wakamtazama Evarist, naye akatazama viatu vyake.

"Wewe baba," Masalu alisema, "hili halikutumwa na mchawi. Lilikuwa linapita zake kutoka mabwawa yanayokauka, likasikia linapigiwa vigelegele. Kuna majini yanakula damu. Hili linakula heshima, na nyie mmelipikia sufuria nzima. Mtoto huyu ndiye sahani."

Akaulizwa dawa. Akasema dawa anayo lakini ana mashaka kama watu wa Kalindo wataweza kuinywa. Haikuwa ya mizizi. Mwenyeji mmoja, mmoja tu, aingie ndani, asisalimie, asivue kofia, asiiname, aende mpaka kwenye kochi na kulitendea kama kochi. Yeye Masalu hawezi, kwa kuwa hakuwa miongoni mwa waliolikaribisha. Likidharauliwa na mwenyeji wake mara moja, halikai.

Watu wakacheka kwa kuona wepesi wake. Wa kwanza kuingia alikuwa katekista, na Biblia mkononi. Waliokuwa dirishani wakamsikia akianza vizuri, halafu akasita, halafu akasema kwa unyenyekevu kwamba anaomba kwanza kumtambua mheshimiwa. Alitoka ameloa jasho.

Akaingia Doto wa bodaboda, kijana anayemtukana kila mtu kuanzia mama mkwe wake mpaka askari wa barabarani. Aliingia akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alipotoka kofia ilikuwa mkononi, ameikunja kama kitambaa.

"Nimeliamkia," alinong'ona. "Shikamoo imetoka yenyewe. Na limeitikia."

Wakaingia wengine, wajumbe wa kamati na wasio wajumbe, wanaume wanaopiga wake zao na kunguruma vilabuni, na kila mmoja alitoka akiwa mdogo kuliko alivyoingia. Maduhu pia alijaribu. Alitoka analia, akamshika Spès mkono. Alisema amesalimia kila kitu maisha yake yote, hata ng'ombe wa watu wengine, hajui kuacha. Huyo hakustahili kulaumiwa.

Mwisho Evarist akasema mambo haya yanahitaji kiongozi. Akafunga kifungo cha koti, akaingia. Alikaa sana. Walipochungulia walimkuta amepiga magoti, anapangusa mguu wa kochi kwa tai yake.

Wakati huo Queen alikuwa amesimama chini ya mwavuli wa Theopista. Damu ilianza kutoka kwenye kucha za vidole vya miguu. Hakulia. Alikuwa akimtazama mama yake kama mtu anayetazama gari likiondoka.

Masalu aliona kwamba hawataweza. Akamvuta Spès kando na kumwambia kwa sauti ndogo kwamba ipo njia nyingine. Mgeni anaweza kuelekezwa nyumba nyingine. Aende mlangoni tu, amwambie mgeni kuwa chakula chake kimeandaliwa nyumbani kwa mwenyekiti. Litainuka lenyewe, na mtoto atakaa.

Spès alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini nyumbani kwa mwenyekiti alikuwepo pia Getrude, aliyeficha dawa ya mchwa chini ya khanga, na wakati huo huo Getrude alikuwa amesimama mbele yake, ananyoosha mikono, anasema mama Queen, nipe huyo mdogo nikushikie, mgongo utakuuma. Spès alimfungua mtoto mgongoni akampa.

"Hapana," alimjibu Masalu. "Siwezi."

Akaenda maktaba.

Aliingia na ndala miguuni. Mikono ilitaka kuungana mbele, akaiachanisha na kuishikilia khanga yake. Shingo ilitaka kuinama, akaikaza mpaka ikauma. Evarist bado alikuwa magotini, akamnong'oneza kwa hofu kwamba aondoke, hana miadi. Spès alitembea, na kadiri alivyosogea ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito na baridi, na kikohozi kikasikika, cha kwanza cha kumkumbusha adabu, cha pili cha kumwonya, na magoti yake yakalegea kwa woga mpaka akajua kwamba hatua inayofuata ataanguka na akianguka itakuwa ni kupiga magoti, na ndipo alipogeuka, akalipa kochi mgongo, na kwa kuwa hakuwa na nguvu nyingine iliyobaki, akakaa.

Hakukalia mto. Alikalia mapaja. Aliyahisi chini yake, mapana, ya baridi kama magogo yaliyotolewa mtoni, na nyuma yake kifua kilichokuwa hakipumui, na pembeni ya sikio lake kidevu chenye unyevu, na mikono miwili ikaanza kuinuka taratibu kutoka kwenye mikono ya kochi, moja kila upande wake, na sauti nene, tulivu, ya kistaarabu kabisa, ikamwambia ndani ya sikio.

"Mama, hapa ni pa mgeni rasmi."

Spès hakuwa na hotuba. Alikuwa mtu asiyelala tangu siku ya sherehe, aliyemshika mtoto kiuno usiku baada ya usiku, na mbele yake aliona maboksi ya mwalimu Didace yaliyoliwa na mchwa, na mwenyekiti ameshika tai. Akanyoosha mkono akachukua glasi ya mgeni, akanywa maji yaliyobaki.

"Nimechoka," alisema. "Sogea."

 Mikono ya baridi ikasimama hewani karibu na shingo yake. Labda tangu dunia iumbwe kitu kile hakikuwahi kuambiwa neno hilo. Spès akasukuma nyuma kwa kiuno, kama anavyofanya mtu yeyote kwenye benchi la zahanati, na akarudia, sasa kwa hasira kidogo, kwamba lisogee, watu wana watoto.

Mapaja yakaondoka chini yake. Alishuka ghafla kwenye sponji. Hatua nzito zikavuka sakafu, si kuelekea mlango wa nyuma aliopitia kila mtu, bali mlango wa mbele, kwa maana hata likifukuzwa halikubali kutokea uani. Mlango ukafunguka. Walioko nje waliuona utepe mwekundu ukivutika kwenda mbele, ukitanuka kufuata umbo la kifua kipana, halafu ukakatika. Hivyo ndivyo ilivyofunguliwa maktaba ya Kalindo.

Na watu wa Kalindo walifanya nini? Walijipanga pande mbili kupisha. Wengine wakavua kofia. Pembeni pale, kuna waliopiga makofi.

Evarist alitoka mbio nyuma ya hatua zile, suti imejaa vumbi magotini. Aliomba radhi njia nzima, kwamba yule mama hakwenda shule zaidi ya msingi, kwamba mheshimiwa asikasirike, asiende zake hivi. Walimwona akishika barabara, akitembea kwenye majani ili amwachie mtu mwingine sehemu nzuri, mkono mmoja ameutandaza kuonyesha njia. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa analionyesha njia ya nyumbani kwake.

Chini ya mwavuli Queen alikunja goti moja, kisha la pili. Alijishusha polepole mpaka akagusa ardhi, akakaa mavumbini, miguu ameinyoosha mbele, akaomba maji. Theopista aliuangusha mwavuli, akakaa naye. Spès alipofika alikaa upande wa pili. Halafu mmoja mmoja, bila kuambiwa na yeyote, baadhi ya watu wakaanza kukaa chini.

Miguu ilichukua muda kupona lakini ilipona. Maboksi yalifunguliwa, vilivyosalimika vikapangwa, na sasa watoto huingia maktaba na miguu yao ya vumbi. Kochi lipo pale pale, bila kitambaa, na wanapenda kulikalia watatu watatu. Maduhu hupita na ng'ombe wake, husimama dirishani kidogo kusikiliza, kisha huendelea.

Getrude siku hizi anaishi kwa Spès. Alikuja na mkeka na sufuria moja, akasema hana uhakika ni kwa muda gani. Kila mchana hupika, hufunga chakula kwenye kitambaa, na kwenda nacho nyumbani kwake, lakini haingii. Humpitishia mume wake dirishani.

Juzi Spès alimsindikiza. Harufu ya tope iliwapokea tangu kwenye ua. Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa nusu, na ile sofa kubwa ya mwenyekiti, aliyokuwa akiwakatalia hata wageni, ilikuwa imetandikwa shuka jeupe, mto wake umezama katikati. Kando ya sofa alisimama Evarist. Suruali ilikuwa imepasuka kwenye mishono kwa sababu ya uvimbe wa miguu, na alikula kwa haraka, kwa vidole, bila kugeuza mgongo. Getrude akamwambia kwa kunong'ona, baba nanihii, toka basi, njoo ukae japo kidogo.

Evarist aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Akaelekeza kidevu chake kwenye sofa. Spès alimwona usoni, na ndiyo maana hajarudi tena pale. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu.

"Taratibu, mama," alisema. "Atatuambia mwenyewe."